Maksai wa Plymouth na rula ya Francis Galton

Desemba 20, 1906, jarida la sayansi la Nature la Uingereza lilichapa barua fupi kuhusu kukata keki. Mwandishi wake, mwanasayansi Mwingereza Francis Galton, alikuwa na miaka 84. Hoja yake ni ya jikoni kabisa. Keki ya duara ikikatwa kabari, kama kila mtu anavyoikata, pengo hubaki na kuta mbili za ndani hupigwa na hewa. Kesho yake kuta hizo zimekauka. Galton alikuwa na keki ndogo ya inchi 5, yaani sentimita 12.7, ya watu wawili wasio walafi, na alitaka iwafikishe siku ya tatu ikiwa bado laini.

Siku ya kwanza, basi, hakuna kabari. Unapitisha kisu mara mbili kwa mistari sambamba, mmoja huku na mmoja huku wa katikati, unatoa mkanda unaokwenda ukingo hadi ukingo. Vipande viwili vilivyobaki unavisukuma mpaka vikutane, kisha unavizungushia mpira mwembamba kama ule wa kufungia noti. Siku ya pili unafanya vilevile, ila unakingamiza mkato wa jana. Pembe nne zinazobaki unazibana kwa mpira uleule, na hizo ndizo za siku ya tatu. Kila siku inaondoka theluthi. Kwa keki yenye kipenyo cha sentimita 20, hesabu inatoa mkanda wa kwanza wa upana wa sentimita 5.3 na wa pili wa 7.4, wa pili lazima uwe mpana zaidi kwa sababu keki iliyosukumwa imeshakuwa nyembamba. Panapoharibika ni kwenye krimu. Keki iliyopakwa krimu laini haisukumiki bila kuchafuka, na mpira unazama ndani yake. Njia hii ni ya keki kavu, ya matunda au ya siagi.

Miaka mingi kabla ya hapo alikuwa ameifanyia chai jambo hilohilo. Alipitisha kipimajoto kwenye kifuniko cha buli, akawa anaandika joto la maji, dakika na ladha. Akapata kwamba chai hutoka nzito, isiyo chungu wala chapwa, maji yakikaa kati ya nyuzi 82 na 88 za Selsiasi ndani ya buli kwa dakika 8. Kinachowaharibia wengi ni buli lenyewe: likiwa baridi hunyonya joto la maji mara yanapomiminwa, na majani hayatoi utamu wake. Ndiyo maana buli hupashwa kwanza. Lakini tuseme ukweli, namba hizi ni za chai ya rangi ya Kiingereza na za ulimi wake. Mpwani anayechemsha majani kwenye sufuria pamoja na maziwa, tangawizi na iliki anapika kitu kingine, na kipimajoto cha Galton hakina la kumwambia.

Mwaka 1885 alipeleka kwenye Nature kipimo cha uchovu wa wasikilizaji. Katika mkutano mmoja alihesabu mara ambazo watu wanajigeuza kitini. Saa hakuitoa, maana angeonekana. Alitumia pumzi zake mwenyewe, akijua kwamba hupumua mara 15 kwa dakika, na hesabu aliiweka kwenye vidole. Katika kundi la watu kama 50 alipata mijongeo 45 kwa dakika, karibu mmoja kwa kila mtu. Msemaji alipogusa jambo la maana, idadi ilishuka hadi chini ya nusu. Yeyote anayehutubia, awe mwalimu, mhubiri au mbunge, anaweza kumpa rafiki kazi hiyo akae nyuma ahesabu, na akitoka atajua ni dakika ya ngapi aliwapoteza watu. Tahadhari ni kwamba watoto na vijana hujigeuza hata wakiwa wamenogewa, kwa hiyo usilinganishe darasa la nne na mkutano wa wastaafu.

Galton alikuwa mtu wa aina hiyo. Jamaa yake Charles Darwin na yeye walichangia babu, Erasmus Darwin. Alizaliwa Birmingham mwaka 1822, baba yake alipofariki mwaka 1844 akarithi mali ya kumtosha maisha, na hakuhitaji tena kuajiriwa. Kila kilichopita mbele yake alikihesabu. Waingereza wamekuwa na kawaida ndefu ya wanasayansi wanaotoka maabara na kuandika juu ya chai, uchaguzi, ndoa, ibada na tabia za watu, na wasomaji huwaamini kwa sababu walishathibitisha mambo magumu zaidi. Galton ndiye mfano wa kufaa kuliko wote wa kuonyesha lini imani hiyo ina msingi na lini haina. Akili ni ileile, kalamu ni ileile, mara nyingine hata mwaka ni uleule. Tofauti iko mahali pamoja tu, nayo huonekana ukiuliza: baada ya kukisia, mizani iko wapi?

Anza na maksai.

Plymouth, kusini-magharibi mwa Uingereza, kulikuwa na maonyesho ya mifugo iliyononeshwa. Maksai mmoja mnono aliwekwa mbele ya watu, na kadi zikauzwa kwa peni 6. Mtu aliandika jina, anwani na kisio lake. Kilichoulizwa hakikuwa uzito wa mnyama aliyesimama bali uzito wa nyama baada ya kuchinjwa, kuchunwa na kutolewa matumbo. Waliokaribia zaidi walipata zawadi. Zilinunuliwa kadi 800 hivi. Shindano lilipokwisha Galton aliazima kadi hizo, akatoa 13 zenye kasoro au zisizosomeka, zikabaki 787. Akazipanga kutoka ndogo hadi kubwa na kuichomoa ile iliyoangukia katikati kabisa. Ilisema ratili 1207. Mizani, kwa maandishi yake, ilisema ratili 1198, kama kilo 543. Umati ulikosea kwa ratili 9, ambazo ni kilo 4 tu, chini ya asilimia 1. Nusu ya makisio yote yalikuwa kati ya ratili 1162 na 1236. Matokeo yalitoka katika Nature Machi 7, 1907.

Watu husimulia habari hii kama muujiza wa umma, na hapo ndipo wanapoipotosha. Hakuna muujiza. Kulikuwa na masharti, na kila sharti lina kazi yake. Peni 6 ziliwazuia wenye mzaha. Zawadi iliwafanya waliolipa wafikiri. Kadi ziliandikwa kimya, kila mtu na yake, hakuna aliyepanda jukwaani kuwashawishi wengine. Hilo Galton mwenyewe alilisisitiza. Miongoni mwa waliokisia walikuwamo wachinjaji na wafugaji, watu wanaojua nyama, pamoja na wapita njia. Kwa kuwa kila mmoja alikosea kivyake, huyu juu na yule chini, makosa yalikulana. Ondoa sharti la ukimya tu na jengo linaanguka: mchinjaji mashuhuri akitangaza kisio lake kwa sauti, mia nyuma yake wataandika namba inayofanana, na kosa lake litakuwa kosa la mia. Hapo huna tena makisio 787. Una moja lililonakiliwa.

Wiki moja kabla, Februari 28, Galton alikuwa ametoa barua nyingine ambayo haisomwi sana, na kwa matumizi ya kila siku naiona bora kuliko ile ya maksai. Aliuliza: jopo la waamuzi likitakiwa kutaja fidia, au kamati ikitakiwa kupanga kiasi cha fedha, na kila mjumbe ana namba yake, wachukue ipi? Wengi hujumlisha na kugawa. Galton alisema hapana, kwa sababu wastani humpa mtu mwenye namba ya ajabu nguvu kwa kadiri ya uajabu wake. Chukua namba ya katikati. Hiyo ndiyo pekee ambayo huwezi kuipinga kwa wingi wa kura: nusu wangeiona ndogo, nusu wangeiona kubwa, na namba nyingine yoyote ingekataliwa na zaidi ya nusu.

Tuione kwa tarakimu. Kamati ya watu tisa inakadiria gharama ya kuezeka upya darasa. Kwa milioni za shilingi wanaandika 3, 3.2, 3.5, 3.5, 4, 4.2, 4.5, 5, na mmoja anaandika 20, labda kwa sababu shemeji yake ndiye fundi. Wastani unatoka milioni 5.66, juu ya makisio ya watu wanane kati ya tisa. Namba ya katikati ni milioni 4, na itabaki milioni 4 hata yule wa mwisho akiandika 200. Utaratibu wake hauhitaji kikokotoo. Gawa vikaratasi kabla ya mtu yeyote kusema neno, na mwenyekiti aandike kama wengine badala ya kufungua kikao kwa kusema “nadhani kama milioni tano hivi”. Kusanya, panga, hesabu kutoka pande zote mbili hadi mkutane. Wajumbe wakiwa shufwa, utabaki na namba mbili za katikati. Zijumlishe ugawe kwa mbili. Kisha baada ya kazi kwisha, rudi uandike gharama halisi kando ya kisio. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa, na kamati isiyoifanya itakisia vibaya miaka 20 mfululizo bila kujijua. Pia kumbuka kwamba namba ya katikati haitibu ujinga wa pamoja. Kama bei ya bati imepanda wiki iliyopita na hakuna mjumbe aliyefika dukani, wote tisa watakisia chini, na katikati yao itakuwa chini vilevile.

Kutoka kwa maksai Galton aliruka hadi kwenye siasa. Alisema mtu wa kawaida aliyekisia pale huenda alikuwa na uwezo wa kumkadiria maksai sawa na alionao mpiga kura wa kawaida wa kupima masuala mengi ya kisiasa, na akakiri kwamba matokeo yanaupa umma heshima kubwa kuliko alivyotarajia. Ni ukiri mzuri, kutoka kwa mtu ambaye maisha yake yote aliamini katika wachache wateule. Lakini ulinganisho wenyewe haukai sawa. Kura si kisio la uzito uliokwisha kuwapo. Mama anayempigia mgombea kura kwa ahadi ya zahanati hakisii namba iliyofichwa ndani ya sanduku ambayo kesho itatangazwa kuwa sahihi, anasema anachokihitaji. Baada ya uchaguzi hakuna mizani itakayomwambia kuwa alikosea kwa ratili 9. Anayeitetea demokrasia kwa sababu umati hukisia vizuri ameiegemeza kwenye mti usio wake, na siku umati utakapokosea atakosa pa kushika. Haki ya kupiga kura haitokani na ustadi wa kukisia.

Sasa tazama kipande cha karatasi. Galton anakieleza katika kumbukumbu za maisha yake alizotoa mwaka 1908. Kilichanwa kwa mkono kikawa na umbo la msalaba wenye mguu mrefu, kikakaa mfukoni pamoja na sindano iliyofungwa mahali pake. Alipopita mitaani na kukutana na msichana, alitoboa karatasi bila kuitoa: tundu upande wa juu kwa mzuri, kwenye mikono ya msalaba kwa wa wastani, chini kwa asiyependeza. Hakuhitaji kuangalia, vidole vilijua pa kutoboa. Kwa njia hiyo alikusanya ramani ya urembo ya visiwa vya Uingereza. London ikashika nafasi ya kwanza, Aberdeen ya Uskochi ikashika mkia.

Kama chombo, karatasi hiyo ni kazi ya fundi. Ni ya siri, haisahau, haiathiriwi na kumbukumbu ya jioni, na matundu yanahesabika. Kwa kuhesabia magari au ndege wa porini ingefaa sana. Lakini ilichopima ni nini? Wasichana wa Aberdeen hawamo kwenye karatasi ile. Kilichomo ni macho ya bwana mmoja mwenye mali, ladha yake, hali ya hewa ya siku ile, na mavazi aliyoyazoea London. Hakuna mizani upande wa pili, na wala haiwezi kuwapo. Matundu yanahesabika sawasawa, lakini unachokihesabu ni wewe mwenyewe. Jambo hilohilo alilifanya akiwa kijana, katika safari yake ya 1850 hadi 1852 katika nchi ambayo leo ni Namibia, alipompima umbo mwanamke wa Kinama kutoka mbali kwa sekstanti, chombo cha mabaharia cha kupimia pembe, bila mwanamke huyo kuulizwa wala kukubali. Vipimo alivikokotoa kwa usahihi. Usahihi huo haumwondolei mwanamke yule aliyodhulumiwa.

Ufa huu mdogo ulipanuka katika kitabu chake cha 1869 kuhusu vipaji vya kurithi. Alitaka kujua kama uwezo wa akili hurithiwa, na kwa kuwa uwezo hauwekwi kwenye mizani, akachukua umaarufu badala yake: waliotajwa kwenye tanzia za magazeti na kwenye kamusi za wasifu. Alikusanya karibu watu 1000 mashuhuri kutoka familia 300 hivi. Majaji wa Uingereza kuanzia 1660 hadi 1865 walikuwa 286, na zaidi ya mmoja katika kila tisa alikuwa baba, mwana au ndugu wa jaji mwingine. Akahitimisha kwamba akili hutembea katika damu. Msomaji yeyote wa Afrika Mashariki anayejua jinsi ajira zinavyopatikana ataona kasoro mara moja. Mtoto wa jaji amekulia kwenye nyumba yenye vitabu vya sheria, amesoma shule moja na watoto wa wanaoteua majaji, na jina lake linafungua milango kabla hajabisha. Kinachotembea katika familia hizo ni mambo mengi kwa pamoja, na orodha ya majina haiwezi kuyatenganisha. Galton mwenyewe aliishi kwa urithi. Babu zake wa upande wa baba walitengeneza bunduki Birmingham, nyingi zikiuzwa Afrika katika biashara ya watumwa. Nyani haoni kundule: mtu aliyesomeshwa na kulishwa na fedha ya babu aliandika kitabu juu ya kurithi na akasahau kuhesabu fedha.

Katika kitabu hichohicho mna sura ya kulinganisha mataifa. Waafrika aliwaweka madaraja mawili chini ya Waingereza, na Wagiriki wa Athene ya kale karibu madaraja mawili juu yao. Vipimo vyake vilikuwa vipi? Simulizi za wasafiri, na hoja kwamba msafiri mzungu akikutana na chifu mweusi ni nadra kujiona mdogo mbele yake. Hivyo tu. Mtu aliyeondoa kadi 13 za maksai kwa sababu hazikusomeka vizuri aliyapima mamilioni ya watu kwa hisia za wageni waliopita njia. Haikuwa sayansi iliyokosea hesabu. Hesabu haikuwapo.

Yaliyofuata yanahusu pwani yetu moja kwa moja. Juni 5, 1873, gazeti la The Times la London lilichapa barua ya Galton. Alishauri serikali ya Uingereza ihimize Wachina wahamie na kukaa kwenye pwani ya Afrika Mashariki, akiamini wataongezeka na kizazi chao kitachukua nafasi ya Waafrika, aliowaita duni. Wahindi aliwaona hawatoshi kwa kazi hiyo. Mwarabu alimweleza kuwa ni mlaji wa jasho la wengine, mharibifu kuliko mjenzi. Siku hiyohiyo ya Juni 5, Unguja, Sultani Barghash bin Said alitia saini mkataba na Uingereza wa kukomesha usafirishaji wa watumwa kwa bahari, na soko la Mkunazini likafungwa. Siku soko la kumuuza Mwafrika lilipofungwa kisheria, mwanasayansi mwenye medali ya dhahabu ya Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme alikuwa akipendekeza aondolewe kwenye ardhi yake. Galton hakuwa amewahi kufika pwani hiyo. Alijua njia zake kwa kuwa alikaa kwenye kamati za jumuiya iliyowatuma wapelelezi Waingereza Burton na Speke, waliotoka Unguja kuelekea bara mwaka 1857. Kujua njia za misafara kupitia ripoti ni elimu halisi. Kujua thamani ya watu kupitia ripoti hizohizo si elimu.

Kuna mahali pamoja ambapo rula yake ilimjibu, naye akasikia. Ni kwenye alama za vidole, kazi aliyoitoa kitabuni mwaka 1892. Aliigawa michoro ya ncha za vidole katika mafungu matatu, tao, kitanzi na mzunguko, akaonyesha vituo vidogo ambapo mistari hukatika au hugawanyika, na akakisia kwamba uwezekano wa alama mbili za watu tofauti kufanana kabisa ni mmoja katika bilioni 64. Mizani hapa ilikuwapo. William Herschel, mtawala wa kikoloni huko Bengal, alikuwa ametunza alama za watu walewale zilizochukuliwa kwa miaka mingi, kwa hiyo iliwezekana kuweka kidole cha zamani kando ya kidole cha sasa na kutazama kama kimebadilika. Hakikubadilika.

Galton alitarajia kwa hamu kwamba alama zingetenganisha makabila na rangi. Akalinganisha Waingereza, Wawelsi, Wayahudi, Wabaski na Waafrika. Akaandika, kwa uaminifu, kwamba hakuna mchoro ulio wa taifa moja na usiokuwa wa jingine. Lakini hakuishia hapo. Akaongeza kwamba hata hivyo, pengine ni fikra zake tu, alama za Waafrika zinampa picha ya urahisi zaidi, kwa sababu ambazo bado hajafanikiwa kuzipima. Sentensi hiyo ndiyo ningependa kila msomaji wa makala za wanasayansi aikariri. Kipimo kimesema hapana. Mtu anasema: hata hivyo, mimi bado naona. Kabla ya “hata hivyo” kuna sayansi. Baada yake kuna Galton.

Chombo kikatoka mikononi mwake kikafanya kazi nyingine. Kenya ya kikoloni ilipoanza kutekeleza sheria ya kuwaandikisha wenyeji, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi aliyetoka kwenye eneo lake alitakiwa kubeba kipande chenye alama za vidole, kikiwa ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Alama zile hazikusema lolote juu ya akili ya aliyezibeba, na hazikuhitajika kusema. Zilisema ametoroka kwa mwajiri gani. Rula sahihi, mikononi mwa asiye mwadilifu, humpata kila aliyekusudiwa.

Mawazo yake mengine nayo yalisafiri. Mwaka 1883 aliyapa jina, eujeniki, yaani kuboresha kizazi cha binadamu kwa kuchagua nani azae. Mwaka 1907, ule wa maksai, jimbo la Indiana nchini Marekani lilipitisha sheria ya kuwafunga kizazi kwa nguvu watu walioitwa wasiofaa. Majimbo mengine yakafuata, na zaidi ya watu 60,000 wakafungwa kizazi nchini humo. Ujerumani ya Hitler ilitunga yake Julai 1933 na kuwafunga kizazi watu wapatao 400,000. Nairobi nako, mwaka huohuo wa 1933, walowezi na madaktari waliunda chama cha kuchunguza uboreshaji wa mbari. Daktari H. L. Gordon wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari alikuwa kinara wake, na F. W. Vint alipima ubongo wa Waafrika waliokufa, akachapa matokeo mwaka 1934 akidai ni duni kuliko wa Wazungu. Tazama mzaha wa kipimo hicho kwa macho ya mtu wa mizani: upande mmoja miili ya maskini waliofia hospitalini, pengine wenye njaa na maradhi ya muda mrefu, upande wa pili takwimu za Wazungu kutoka kwingine. Njaa na maradhi hupunguza uzito wa mwili mzima. Waliiomba London fedha za kuendelea, wakanyimwa.

Kwa hiyo mwanasayansi anapoandika juu ya maisha, utamaduni na siasa, jina lake na medali zake hazitoshi kuwa dhamana. Kumkatalia kila kitu nako ni kosa: namba ya katikati inaokoa fedha za kamati leo, na alama za vidole zinathibitisha mwenye laini ya simu. Msomaji atazame kila dai peke yake. Nini kilihesabiwa, na ndicho kile kinachotajwa kwenye kichwa cha habari, au ni kitu kilichowekwa badala yake, kama umaarufu ulivyowekwa badala ya akili? Waliohesabiwa walijua, waliulizwa? Matokeo yangekuwa kinyume, mwandishi angeyachapa? Galton aliyachapa mara mbili, kwa maksai na kwa vidole, na mara zote mbili ni pale palipokuwa na kitu nje yake cha kumbishia.

Chuo cha University College London, UCL, ambako urithi wake ulianzisha kiti cha uprofesa wa eujeniki baada ya kifo chake mwaka 1911, kiliondoa jina lake kwenye ukumbi wa mihadhara Juni 2020, na Januari 2021 kikaomba radhi kwa mchango wa chuo chenyewe katika eujeniki. Ukumbi sasa unaitwa kwa namba, 115. Ilikuwa haki. Karatasi zake hazikuchomwa. Zimo kwenye hifadhi ya chuo hicho, na miongoni mwake zimo hesabu za Plymouth. Zilipokaguliwa upya na mtaalamu wa takwimu, zaidi ya miaka 100 baadaye, ilionekana Galton alinakili vibaya. Namba ya katikati haikuwa 1207 bali 1208. Maksai hakuwa na ratili 1198 bali 1197. Na wastani wa kadi zote 787, ambao Galton aliutaja baadaye alipoulizwa, ulikuwa ratili 1197.